Alama ya kipenyo imegeuka "n" mbele ya mteja

Hasira zangu na hii programu ya lahajedwali sizifichi. Juzi kati tulimpelekea mteja jedwali la ukaguzi wa shafti na bushi zake. Ofisini kwetu alama zote zilikaa sawasawa. Mteja kufungua kwake, penye kipenyo cha milimita 20 anasoma "n20". Alama ya mahali pa tundu imekuwa "j", ya ubapa imekuwa "c". Akanipigia, wakerezaji wake wamemzunguka: "Fundi, hii n ndiyo nini? Tukate kipimo gani?" Mchoro wangu, jina langu, naulizwa hivyo!

Chanzo chake nakijua. Fonti ya GDT, ile ya alama za vipimo na umbo tunayoitumia kwenye michoro ya ufundi, haiweki alama ndani ya seli. Seli inabeba herufi n, fonti ndiyo inayoivika sura ya kipenyo. Kompyuta isiyo na fonti hiyo inaonyesha n kavu. Hilo ningelivumilia. Kinachoniuma ni kwamba programu haikutoa onyo lolote, na kule juu kwenye orodha ya fonti jina la GDT limebaki vilevile, kana kwamba fonti ipo. Programu za kuandikia barua zinakuruhusu kufungasha fonti ndani ya faili. Hii haina kitu hicho.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana akanijibu, "Kaka, mbona hapa kwangu inaonekana vizuri?" Kwako! Nimekwambia haionekani kwa mteja! Akaongeza kwamba nimwambie mteja aweke fonti mwenyewe, kisha akakata. Yaani mtu anayenilipa nimpe na kazi ya kusakinisha.

Hapo ilikuwa nyota moja, basi. Lakini niseme haki: alama za Yunikodi, ule mfumo unaoipa kila herufi na alama namba yake, zinashika. Andika =UNICHAR(8960) unapata ⌀ halisi; 8982 ni ⌖ ya mahali; 9189 ni ⏥ ya ubapa. Sasa seli inabeba alama yenyewe, na unaweza kuiunganisha na kipimo kwa fomula, jambo ambalo kwa GDT halifai kwa sababu jibu la fomula halikubali fonti mbili katika seli moja. Nilifurahi kweli, nikataka kutoa nyota nne.

Halafu mkaguzi mwingine akafungua faili kwenye simu yake. ⌀ ipo, ubapa ni kisanduku kitupu. Hasira zikarudi upya. Mtaniambia nitume PDF, fonti inafungwa humo humo. Ndiyo, na kwa kusoma tu inatosha. Lakini mkaguzi anataka kujaza alichopima ndani ya seli, jedwali limpigie hesabu kama kipande kimepita au kimekataliwa.

Nyota mbili. Wekeni onyo fonti inapokosekana, ndipo nitaongeza ya tatu. Yule kijana wa simu hata hizo mbili simpi.