Fimbo ya maji ya kuoshea vioo: ipi ununue ikudumu

Fundi wa vioo akinipigia simu kuulizia fimbo ya maji, swali lake la kwanza huwa ni urefu: "Kaka, hiyo inafika ghorofa ya ngapi?" Mimi humrudishia swali jingine: pingili zake zinauzwa mojamoja? Kama muuzaji hajui, au anasema ikivunjika unanunua nzima, basi urefu wake haunihusu tena.

Fimbo ninayoizungumzia ni ile inayorefuka kama antena ya redio, pingili ndani ya pingili, huku mpira mwembamba wa maji ukipanda mpaka kwenye brashi iliyo kichwani. Unasimama chini, unasugua, unasuuza, unahamia dirisha linalofuata. Kioo kinajikausha chenyewe bila doa kwa sababu maji yameshachujwa chumvi zote. Uingereza ilipotoa kanuni za kazi za mahali pa juu mwaka 2005, zikitaka mtu asipande juu ikiwa kazi yenyewe inaweza kufanyika kutoka chini, waosha vioo wa huko wakaacha ngazi kwa wingi na kushika fimbo hizi. Kwetu Dar es Salaam bado ngazi inatawala, na kila anayefanya kazi hii anamjua mtu aliyewahi kuanguka.

Kwa nini naanza na pingili? Kwa sababu fimbo haifi yote kwa mpigo. Inakufa sehemu moja: kibano kinachozuia pingili isiteleze kimelegea, au pingili ya pili imepata ufa kwa kuangushwa kwenye sakafu ya zege. Fimbo yangu ya kwanza ilikuwa ya mita 9, ya bei nzuri na rangi ya kuvutia. Mwezi wa tatu, katikati ya kazi ya hoteli moja ya ufukweni, vibano viwili vilianza kuteleza. Brashi ikawa inashuka yenyewe kila nikisugua. Nilivizungushia utepe wa umeme, nikamaliza siku kwa mabega yanayowaka moto. Muuzaji hakuwa na kibano cha akiba wala hakujua pa kukipata. Fimbo nzima ikawa ya kuanikia nguo kwa sababu ya plastiki mbili ndogo.

Kwa hiyo kabla ya kutazama imetengenezwa kwa kitu gani, ukague vibano. Kibano cha wenzo, kile unachokibana kwa kidole gumba na kukifungua kwa kidole hichohicho, ni bora kuliko cha kuzungusha. Cha kuzungusha kikishaingiwa na mchanga hakibani tena sawasawa, na mikono yenye maji na sabuni haikipatii nguvu. Kwenye cha wenzo tafuta skrubu ndogo ya kurekebisha mkazo: plastiki inavyolika, unakaza robo mzunguko na kuendelea na kazi. Kwa sisi wa pwani, uliza kama skrubu hiyo ni ya chuma kisichoshika kutu. Tena kuna jambo wengi hawaambiwi: alumini ikigusana na kaboni kwenye hewa ya chumvi, alumini huliwa haraka. Fimbo ya kaboni yenye vibano au ribiti za alumini itaanza kutoa unga mweupe kwenye maungio, Mombasa na Zanzibar mapema kuliko Nairobi. Vibano vya nailoni ngumu havina shida hiyo.

Sasa niziorodheshe kwa daraja, kwa mtu anayeosha nyumba za kawaida, shule, hoteli ndogo na ofisi za ghorofa mbili au tatu, maana hizo ndizo kazi nyingi.

Ya kwanza: mchanganyiko wa faiba na kaboni, mita 7 hadi 8

Hii ndiyo ningemnunulia mdogo wangu. Faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikwa kwa gundi, ileile inayotengeneza boti, ina uvumilivu: ukiigonga kwenye ukuta inayumba na kurudi. Kaboni, ambayo nayo ni nyuzi zilizoshikwa kwa gundi, inaongeza ugumu ili brashi isichezecheze huko juu. Ukizichanganya unapata fimbo isiyo nyepesi kuliko zote wala ngumu kuliko zote, lakini inayostahimili kutupwa nyuma ya Noah, kukanyagwa na msaidizi mgeni na kuangushwa mara mbili kwa wiki. Kampuni ya Gardiner ya Uingereza na Unger ya Ujerumani zote zina fimbo za daraja hili la kati. Za Gardiner nazipendea jambo moja: pingili na vibano vyake unaweza kuagiza kimojakimoja.

Urefu wa mita 7 hadi 8 unatosha ghorofa mbili bila wasiwasi. Ukiishika kwa mteremko wa kama nyuzi 65, fimbo ya mita 7 inapanda zaidi ya mita 6, ongeza na kimo unachoishikia. Hapa ujihadhari na matangazo. Wauzaji wengi huandika kimo cha kufikia, wakiwa wamejumlisha na urefu wa mtu. Dai urefu wa fimbo yenyewe ikiwa imefunguliwa yote, na urefu wake ikiwa imefungwa. Huo wa pili utaamua kama inaingia ndani ya gari au inafungwa juu ya paa kupigwa jua kutwa, na jua ni adui wa gundi inayoshikilia nyuzi zote hizi.

Ya pili: kaboni tupu, mita 9 hadi 12

Ukipata tenda ya jengo la ghorofa tatu au nne, mchanganyiko hautakufaa. Mita 10 juu, uzito wa kichwani unaongezeka mkononi kwa kila hatua, na fimbo inayopinda inakula nguvu yako yote kabla haijafika kwenye brashi. Unasugua chini, kule juu brashi inatikisika tu. Kaboni ndiyo dawa. Sentimita moja ya ujazo ya bomba la kaboni ina uzito wa kama gramu 1.6, ya faiba inakaribia 2, ya alumini ni 2.7, na kwa uzito uleule kaboni ni ngumu kuliko zote mbili.

Mbona basi nimeiweka ya pili? Kwa sababu nazungumzia kudumu, na kaboni haisamehe. Haibonyei ikakuonya, inapata ufa ambao huuoni mpaka siku inapopasuka ukiwa umeinyoosha yote. Kuna kaboni ya daraja la juu zaidi, ngumu na nyepesi ajabu, ambayo wauzaji huipenda kwa bei yake. Ugumu huo unakuja pamoja na wepesi wa kuvunjika ikigongwa. Kwa timu yenye vijana wanaobadilika kila mwezi, nakushauri kaboni ya kawaida.

Ukinunua ndefu, jifunze kuipunguza. Fimbo ya mita 10 usiibebe nzima kuosha madirisha ya ghorofa ya kwanza. Chomoa pingili mbili au tatu nene za chini, uziweke kando, ufanye kazi na zile nyembamba za juu. Unabaki na fimbo fupi, nyepesi, na pingili nene zinapumzika. Hakikisha tu aina unayonunua inakubali kuchomolewa, maana si zote.

Ya tatu: faiba tupu, mita 6

Kwa anayeanza na mtaji mdogo, hii haina aibu. Ni nzito kidogo na inapinda, lakini hadi mita 6 kupinda huko kunavumilika. Kaboni mara nyingi huuzwa mara mbili au tatu ya bei ya faiba. Kasoro kubwa ya faiba ni jua: uso ukishachakaa, nyuzi za kioo zinachomoza na kukuwasha viganja kama upupu. Vaa glavu, na usiku ilale ndani.

Ya nne: alumini

Hadi mita 4 au 5, kwa vioo vya maduka na nyumba ya chini, inafaa. Zaidi ya hapo ni mateso. Ikibonyea mahali pamoja tu, pingili ya ndani haitelezi tena, na hakuna wa kuinyoosha. Sababu yangu kubwa ya kuishusha chini, hata hivyo, ni umeme, na hapo nataka tusimame kidogo.

Mitaa yetu ina nyaya za kilovolti 11 na 33 zinazopita karibu kabisa na madirisha ya ghorofa ya kwanza. Alumini inapitisha umeme. Kaboni pia inapitisha umeme, na hili mafundi wengi hawalijui kwa sababu haionekani kama chuma. Faiba kavu haipitishi, lakini fimbo yako imejaa maji na imelowa nje, kwa hiyo usijidanganye. Umeme wa kilovolti nyingi unaweza kuruka hewani kabla hujaugusa. Mimi kabla ya kufungua fimbo natembea kuzunguka jengo lote nikitazama juu. Nikiona waya ambao fimbo iliyonyooka, hata ikianguka, inaweza kuukaribia, upande huo siuoshi mpaka shirika la umeme likate. Nimepoteza tenda kwa msimamo huo na nitaendelea kuzipoteza.

Kisha kuna zile fimbo za kuoshea magari, zinazouzwa madukani zikiitwa za kuosha vioo. Sizipi daraja lolote. Mpira wake wa maji hausukumi vizuri, brashi yake ni ngumu kama ya kusugulia sakafu, na vibano vyake havifiki mvua za masika zijazo.

Kabla hujalipa, pima maji yako

Fimbo nzuri yenye maji mabaya itakuachia madoa meupe jengo zima. Kifaa kidogo cha kupimia chumvi zilizoyeyuka kwenye maji, kinachoitwa kipimo cha TDS, hakizidi ukubwa wa kalamu. Kinapaswa kusoma sifuri au karibu yake kwa maji yanayofika kwenye brashi. Maji ya bomba ya Nairobi, ambayo mengi hutoka bwawa la Ndakaini, ni laini, hivyo mtungi wa rezini, punje zinazonasa chumvi za maji, peke yake unaweza kukutosha muda mrefu. Visima vingi vya kuchimba vya Dar es Salaam na Mombasa ni habari nyingine, maji yake unaonja chumvi kwa ulimi. Rezini inachoka kwa kadiri ya chumvi inayobeba: maji yanayosoma 400 kwenye kipimo hicho yataimaliza karibu mara kumi haraka kuliko yanayosoma 40. Kwa maji ya namna hiyo weka kwanza chujio la utando linalosukumiwa maji kwa shinikizo, rezini imalizie. Ukiwa na bajeti moja tu, heri fimbo ya faiba na maji safi kuliko kaboni na maji ya kisima.

Tazama pia madirisha yenyewe. Nyumba nyingi za kwetu zina nondo nje ya kioo, au wavu wa mbu usiotolewa. Brashi haipiti hapo, na ukilazimisha unaisukuma fimbo pembeni na kuipasua kwenye kibano. Madirisha ya luva nayo yatapitisha maji hadi kwenye kitanda cha mwenye nyumba. Kama kazi zako nyingi ni za aina hiyo, usinunue fimbo ya maji bado. Inalipa kwenye vioo vipana vilivyo wazi: ofisi, hoteli, maduka makubwa, shule mpya.

Brashi chagua ya nyuzi laini za nailoni, nyepesi kadiri upatavyo, maana gramu 100 za kichwani unazihisi kuliko nusu kilo ya mkononi. Ulizia skrubu ya kuungia brashi: zipo za mtindo wa Ulaya na za mtindo wa Marekani, na hazikubaliani. Niliwahi kupokea brashi nzuri ambayo haikuingia kwenye fimbo yangu, ikakaa stoo miezi minne.

Mzigo ukifika, usiusaini haraka. Chomoa kila pingili, ipitishe kitambaa cha pamba kwa urefu wote. Kikikwama mahali, pana ufa au nyuzi zimechomoza. Igonge taratibu kwa sarafu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mlio ukibadilika ghafla na kuwa wa kufifia, hapo matabaka yameachana, irudishe. Funga vibano vyote, simamisha fimbo wima, ikandamize kwa uzito wa mkono. Pingili isishuke.

Kisha kila jioni isuuze kwa maji safi ikiwa imefunguliwa yote, kwa sababu mchanga uliobaki kati ya pingili husaga kama msasa kila unapoifunga. Usitie mafuta wala grisi; vibano vitateleza. Na kwenye oda ileile ya fimbo, kabla hujafunga hesabu ya usafirishaji na VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, ongeza vibano vinne vya akiba, pingili moja ya saizi ya pili kutoka juu, na kifuniko cha mpira cha kitako. Hicho cha kitako ndicho kinacholika kwanza kwenye zege, na bomba likianza kugusa sakafu lenyewe, ufa unaanzia hapo.