Baiskeli za kukodi Hell's Gate: bonde ni la raha, baiskeli ni za kukaguliwa

Kwa anayetaka kuendesha baiskeli polepole, mbali na malori ya barabara kuu na boda boda za mjini, Kaunti ya Nakuru haina mahali pa kuishinda Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha. Kutoka Lango la Elsa hadi kituo cha askari wa wanyamapori karibu na korongo la Ol Njorowa ni takriban kilomita nane za barabara ya udongo, kuta za miamba zikiwa pande zote mbili na pundamilia wakila nyasi kando ya njia. Hifadhi hii ilitengwa mwaka 1984, na ni mojawapo ya chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea au kuendesha baiskeli bila gari. Bonde lenyewe tunalipa alama zote. Alama tunazopunguza ni za baiskeli zinazokodishwa, kwa sababu nyingi hufanyishwa kazi kila siku kwenye vumbi na kutengenezwa pale tu zinapokatika.

Zinakodishwa sehemu mbili: pale njia panda kwenye barabara ya Moi South Lake, na langoni penyewe, kama kilomita mbili mbele. Kodi njia panda. Hizo kilomita mbili ndizo majaribio yako: cheni ikiruka meno au gia ikikataa kushuka, unageuza na kubadilishiwa papo hapo. Ukikodi langoni, kasoro utaigundua ukiwa ndani ya hifadhi na mwenye baiskeli yuko nje. Pia njia panda baiskeli ni nyingi na bei inasikia maneno, hasa mkiwa kundi.

Ukaguzi uchukue robo saa, na ufanywe kabla pesa hazijatoka mfukoni. Anza na breki. Bana breki ya mbele, kisha sukuma baiskeli mbele: gurudumu la nyuma linapaswa kuinuka kidogo. Bana ya nyuma uivute: gurudumu liburuzike bila kuzunguka. Mkono wa breki ukigusa usukani, waya umelegea, na fundi ataukaza kwa dakika mbili. Lakini angalia pia raba za breki zenyewe. Vumbi la hapa ni la majivu ya volkano, linasugua raba na rimu kama msasa, na raba ikiisha, chuma kinaanza kula rimu. Mistari mirefu iliyochimbika kwenye rimu ni ishara ya kuchagua baiskeli nyingine. Hakikisha raba inagusa rimu peke yake. Ikipanda hadi kwenye tairi, italikata ubavuni na tyubu itapasuka bila onyo.

Kisha inua gurudumu moja moja na ulizungushe. Likiyumba mpaka kugusa raba, spoku zimelegea au zimekatika. Lishike kwa juu ulitikise kushoto na kulia: likicheza, gololi za habu, yaani kitovu cha gurudumu, zimelegea. Shika mikono ya pedali, si pedali zenyewe, uitikise vilevile. Mkono wa kushoto ndio unaosumbua zaidi, kwa kuwa nati yake ikilegea kidogo tu na mtu akaendelea kukanyaga, tundu linapanuka na hakuna spana itakayoukaza tena. Pedali ya kushoto nayo hufungwa kwa kuzungusha kinyume na ile ya kulia. Asiyejua hulazimisha, akaua hesi, yaani mikato ya skrubu, kwenye mkono wa pedali, na pedali hiyo itakutoka ukiwa unapanda kilima.

Cheni hupimwa kwa vidole. Ishike mbele kabisa ya gia kubwa uivute kuelekea mbele ya baiskeli: ikiinuka mpaka ukaona jino zima chini yake, imechakaa na itaruka ukiitia nguvu. Jaribu gia zote kwa kuinua gurudumu la nyuma. Usikatae baiskeli kwa sababu gia mbili tatu hazishiki, mradi zile nyepesi za kupandia zinafanya kazi.

Kiti hupuuzwa sana, nacho ndicho kinachoharibu safari za wengi. Kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Goti likibaki limekunjwa, utalisikia kabla ya kurudi. Nguzo ya kiti iliyoganda kwa kutu ni kawaida, basi mwambie fundi aifungue palepale, au tafuta baiskeli ya kimo chako.

Upepo wa matairi unategemea barabara, na barabara hii ni mchanga mwororo, mawe madogo na mikunjo midogo mfululizo inayotetemesha mikono. Kwa matairi mapana ya inchi 26, psi 30 hadi 35 inatosha. Wakodishaji wengi hujaza mpaka tairi liwe gumu kabisa, na matokeo yake ni kuteleza mchangani na kurushwa kwenye mikunjo. Likiwa bapa kupita kiasi, jiwe litaibana tyubu dhidi ya rimu na kuitoboa matundu mawili yanayotazamana.

Beba tyubu ya akiba, viraka, gundi, vijiti vya kutolea tairi na pampu. Kwanza tazama valvu, kwani kuna baiskeli zenye valvu kama ya gari na nyingine zenye ile nyembamba, na pampu isiyolingana ni mzigo bure. Pancha nyingi huletwa na miiba ya migunga, ambayo huwashika walioacha njia kwenda kupumzika kivulini. Ukitaka kivuli, ibebe baiskeli begani. Ukiona vipande vyeusi vinavyong'aa, hicho ni kioo cha volkano, ambacho watu wa kale wa eneo hili walikichonga kuwa visu na vichwa vya mishale. Kikanyage kwa tairi nawe utaelewa kwa nini walikipenda. Viache pale vilipo.

Langoni malipo hufanywa kwa simu au kadi kupitia mfumo wa eCitizen, si kwa pesa taslimu. Mkenya alipe kiwango cha raia kwa kuonyesha kitambulisho, kwa hiyo usikubali kukiacha kwa mkodishaji kama dhamana. Mwachie namba yako ya simu, chukua yake, piga picha ya baiskeli, na muulize waziwazi: ikikatika huko ndani, nani ataileta? Anayejibu bila kusita ndiye wa kufanya naye biashara.

Muda mfupi baada ya lango unaona Mnara wa Fischer, nguzo ya mwamba ya takriban mita 25. Ni lava iliyogandia kooni mwa volkano, kisha mlima uliouzunguka ukamomonyoka. Jina ni la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika hapa mwaka 1883 akitafuta njia ya kwenda Ziwa Victoria, na Wamaasai wakamzuia. Mbele zaidi ni Mnara wa Kati, na baada yake korongo. Hapo ndipo Ziwa Naivasha la kale, lilipokuwa kubwa kuliko la leo maelfu ya miaka iliyopita, lilipomwagia maji yake kusini. Ukijua hilo, bonde zima linasomeka: unaendesha juu ya njia ya mto.

Korongo lisichukuliwe kirahisi. Mafuriko ya ghafla ya Aprili 2012 na ya Septemba 2019 yaliua watu humo. Mvua hunyesha mbali kwenye miinuko, juu yako mbingu haina wingu, na maji hufika kwa mkupuo kwenye njia nyembamba isiyo na pa kupandia. Uliza kituoni kama limefunguliwa siku hiyo, na ukiambiwa hapana, huo ndio mwisho wa mjadala. Barabara pekee inatosha kuwa safari.

Kwenda ni mteremko hafifu, ambao huuhisi mpaka unapogeuza. Tenga saa moja kwenda na moja na nusu kurudi, na maji lita mbili kwa kila mtu. Kwenye mchanga tumia gia nyepesi kiasi, endelea kukanyaga, usogeze uzito nyuma, usikate kona kwa ghafla, na breki ya mbele usiiguse. Nyati ndiye wa kuogopwa: ukimwona karibu na njia, simama mbali umngoje aondoke, na kwenye kona zenye vichaka vya leleshwa piga kengele. Nyani wao wanataka chakula chako, hivyo kifungie ndani ya begi.

Mzunguko wa Nyati, unaopanda ukingo wa bonde, una mandhari ya Mlima Longonot isiyosahaulika, ila ni wa mapafu na wa gia nzima. Kwa baiskeli ya kukodi tungeuacha. Upande wa Lango la Olkaria pia, kwa sababu hapo unaingia lami ya magari ya mitambo ya umeme wa mvuke, ambayo imekuwa ikizalisha tangu 1981.

Njoo siku ya katikati ya juma, uingie saa kumi na mbili asubuhi lango linapofunguliwa. Wikendi na likizo za shule magari huongezeka, na baiskeli nzuri huwa zimeshachukuliwa kufikia saa tatu. Za watoto ni chache siku zote: mpigie mkodishaji jana yake akuwekee, na kofia ya mtoto ije kutoka nyumbani.