Profaila imeniaibisha kwenye harusi ya watu, na bado siiuzi

Jamani ngoja niyatoe haya maana nimekaa nayo kifuani muda sasa. Mimi napiga gitaa, nilikuwa na modela yangu ya kukanyaga na mguu, kimashine cha kuigiza sauti ya ampu (lile dude la kukuzia sauti ya gitaa), ya zamani, rangi imeshabanduka, ila tumezoeana. Tamaa ikaniingia, nikamuuzia mpiga ridhim wetu kwa bei ya kutupa, nikaongezea hela nikanunua profaila, mashine nyingine ya kuigiza ampu kwa njia yake. Kampuni siitaji, ila si Kemper, wale Wajerumani walioanzisha huu mchezo 2011, ni wengine. Na duka lenyewe lipo Kariakoo, silitaji pia, mwenyewe anajijua.

Kwa ambao hamjaingia huku: modela, wahandisi wanakaa na saketi ya ampu wanaiigiza kwenye programu kipande kwa kipande, ndo maana ukizungusha geini (nobu ya ukali wa sauti) inakujibu kama ampu inavyojibu, au karibu na hapo. Hizo zipo siku nyingi, wengi tunaikumbuka POD ya Line 6 ya 1998, lile dude jekundu lenye umbo la punje ya maharage. Profaila yenyewe haijui saketi wala nini. Unaweka maiki mbele ya spika ya ampu, unachomeka waya, mashine inaanza makelele, mara iyuuuu kama mtu anatafuta stesheni kwenye redio ya mbao, mara shhhh, mpaka jirani anagonga mlango kuuliza kuna nini. Inasikiliza kilichotoka, inalinganisha, ikimaliza imeibeba sauti ile, pamoja na maiki yake na spika yake, hiyo ndo profaili. Ila imebeba ile ya siku ile tu. Ni picha ya pasipoti, ukipigwa umenuna basi umenuna mpaka kitabu kiishe.

Sasa harusi. Msimu ule baada ya Ramadhani, ukumbi umejaa, maharusi wanaingia, sisi tumeshaingia sebene, mimi ndo solo, niko juu huko nachezea nyuzi nyembamba watu wanapunga leso. Umeme ukakonyeza. Sekunde mbili, hazikufika tatu. Spika zikarudi, kinanda kikarudi, ridhim (modela YANGU ile, niliyoiuza kwa mikono yangu) ikarudi kama haikwenda popote. Mimi natazama kioo cha profaila, inawaka upya, nembo ya kampuni, kimstari kinatembea kama konokono. Naangalia nyuzi, naangalia kimstari. Fundi mitambo anapiga kelele kule nyuma, "Oya, solo iko wapi?" Kiongozi wa bendi akanisogelea sikioni, taratibu kabisa, "Mdogo wangu, tumekuja kufanya kazi au kupiga picha?" Bora angenitukana.

Halafu ilivyowaka, haikuwaka kwenye sauti niliyokuwa naipiga, ikarudi kwenye ya roki, ampu ya valvu imekolezwa mpaka mwisho, na mimi vidole vishaanza. Bibi harusi alishtuka, nimemuona kwa macho yangu. Nikakimbilia nobu ya geini nikaishusha, nikijua itasafika kama ampu ya kweli, wapi, ikawa ni mtu yule yule anayepiga kelele ila umemfunika mto. Maana mashine haijawahi kuisikia ile ampu ikiwa imeshushwa, inabuni tu! Hilo hamna aliyeniambia wakati nahesabu noti.

Nikarudi dukani na hasira zangu. Kijana wa pale hajainua hata kichwa kwenye simu, "Bro, hizo ni za studio, mbona inajulikana." Inajulikana na nani? Wakati nanunua alinichagulia yeye, akasema hii ndo ya jukwaani, na mkono kanipa. Nikamwambia basi nirudishie hela, akacheka. Alicheka, wallahi.

Kwa hiyo usinunue. Kama unapiga maharusini na umeme wetu huu, chukua modela, hata ya mtumba, na anayekwambia sauti yake si halisi mwambie aje acheze hapa mbele ya mama wa bibi harusi.

Sasa hapa ndo najichanganya mwenyewe. Bendi ilikuwa na ampu, Fender Twin Reverb ya mzee mmoja, dude zito spika mbili, imetoka Marekani, inakula volti 120 kwa hiyo ilikuwa inatembea na transfoma yake pembeni. Kabla ya hiyo harusi nilishaipiga profaili pale chumba cha mazoezi, mchana kutwa, mzee amekaa kwenye kreti ya soda ananiambia bado, bado, sogeza maiki, hapo hapo. Juzi juzi kijana mmoja kaichomeka moja kwa moja ukutani, bila transfoma. Moshi. Mafundi wawili wameiangalia wakatikisa vichwa.

Jana usiku nimevaa hedifoni nikaifungua ile profaili. Klini yake ile, sauti safi yenye kaukali kadogo ukivuta uzi kwa nguvu, kile kimlio cha mmmm ambacho mzee alikuwa anakigombeza kila siku tu ndo hakimo. Modela gani itanipa hiyo? Zina Twin humo ndani, ndiyo, lakini si ya mzee.

Mpiga ridhim kaniuliza kama nataka modela yangu tubadilishane. Nimemwambia hapana, aniazime tu Jumamosi, kuna harusi nyingine.