Wa trafiki au wa moto? Mitungi ya kuzimia moto, nilivyoipanga mimi

"Dada, unataka wa trafiki au wa moto?"

Niliulizwa hivyo dukani, mtaa wa Gerezani hapa Dar, mwaka juzi, nikacheka. Nilidhani muuzaji ananitania. Nikachukua mtungi mwekundu wa kilo moja, mshale wa geji uko kwenye kijani, stika inang'aa, nikaondoka na risiti ya kuandikwa kwa mkono. Siku moto ulipokuja ndipo nikajua jamaa yule hakuwa na utani hata kidogo. Alikuwa mkweli kuliko wenzake wa mtaa mzima.

Ulikuwa moto wa karai. Ramadhani, saa kumi na moja jioni, nakaanga sambusa, nikaenda kufungua geti. Kurudi, mafuta yanawaka. Nikakimbilia mtungi kwenye gari, nikavuta pini, nikabana. Fyuu! Ikatoka pumzi na vumbi la kujaza kijiko cha chai, basi. Kilichoniokoa ni sinia la pilau: nililitelezesha juu ya karai, nikazima gesi, nikakaa chini kwa magoti kutetemeka.

Kesho yake nikaupeleka kwa fundi. Akafungua kichwa, akaugeuza mtungi, akaugonga kwenye ukingo wa ngazi. Likadondoka bonge moja lenye umbo la mtungi wenyewe, gumu kama kiporo cha ugali. Gesi ilikuwemo ya kutosha, unga ndio ulioganda. Mtungi wa gari unatikiswa kutwa, unga unashindiliwa chini, na unyevu wetu wa Dar ukipata upenyo siku ya kujaza unamalizia kazi. Geji haijui hayo. Geji inapima presha ya gesi tu, inaweza kukaa kijani miaka kumi juu ya tofali.

Kwa hiyo kwenye mwongozo huu sitawachosha na madaraja ya moto, A ni mbao na B ni mafuta. Picha zake ziko ubavuni mwa kila mtungi. Wala sitasema lolote kuhusu rangi au kibanio cha ukutani. Swali langu ni moja: kinachozima kinasukumwa na nini, na nitajuaje kwamba kitatoka?

Nilipoanza kusoma nikakuta waliovumbua vitu hivi walisumbuka na swali hilihili kwa karne tatu. Ambrose Godfrey, mkemia wa London, mwaka 1723 alisajili pipa la maji ya kuzimia lenye kikopo cha baruti katikati. Unawasha utambi, pipa linalipuka, maji yanatawanyika juu ya moto. Yaani msukumaji wake ni bomu. Usicheke, mwaka 1729 kifaa chake kilitumika kwenye moto kweli palepale London.

Halafu akaja Kapteni George William Manby. Mwaka 1813 alikuwa Edinburgh, akashuhudia wazimamoto wakishindwa kuzifikia ghorofa za juu za jengo linaloungua. Kufika 1818 alikuwa na chombo chake cha shaba, lita 13 na ushei za maji yaliyoyeyushwa chumvi ya majivu, potasiamu kaboneti, yakisukumwa na hewa iliyoshindiliwa humo. Huyo ndiye babu wa mtungi ulio ukutani kwako. Kumbuka hiyo chumvi, nitairudia.

Wafaransa wao wakasema hewa ya nini? Mwaka 1866 François Carlier akaweka magadi ya kuumulia na asidi ya tataru. Vikikutana vinatoa gesi, gesi inasukuma maji. Mmarekani Almon Granger akabadilisha asidi mwaka 1881, akatia ya salfa, kali zaidi. Mitungi ya namna hiyo ilikuwa ya kupindua kichwa chini ndipo ifanye kazi. Na kampuni ya Pyrene mwaka 1911 ikaachana na gesi kabisa: pampu ndogo ya shaba, unasukuma kwa mkono kama bomba la sindano. Watu wa magari waliipenda. Tatizo ni kilichokuwa ndani, kaboni tetrakloridi, ambayo ikipata joto kali inaweza kutoa fosjini, sumu ileile iliyotumika kuua askari kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Siku hizi pampu hizo zinauzwa kama mapambo. Ukikutana na iliyojaa, iache ilipo.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja: unga wenye chupa yake pembeni. Mwaka 1928 kampuni ya DuGas ya Marekani ilitoa mtungi ambao unga umekaa peke yake bila presha, na gesi iko kwenye chupa yake ndogo. Ukihitaji, unatoboa chupa, gesi inaingia kwa nguvu, inautibua unga kwanza kisha inausukuma nje. DuGas baadaye ilinunuliwa na ANSUL ya Marinette, jimbo la Wisconsin, na mimi ANSUL nimeipenda waziwazi, tena sijalipwa na mtu. Mitungi yao ya Red Line nilianza kuiona kwenye bohari ya mafuta alikofanya kazi mjomba wangu. Chupa imening'inia ubavuni, juu kuna mfuniko mpana. Mjomba aliufungua mbele yangu, akaingiza vidole, akauchota unga na kuuacha uteleze kama unga wa ngano uliochekechwa. "Mama, huu ndio ukaguzi," akaniambia. Hakuna mshale wa kuamini, unauona unga wenyewe.

Kasoro? Ni mzito, ule wa kilo tisa za unga siwezi kuushika kwa mkono mmoja. Na bei, nilipotajiwa niliuliza mara mbili. Wangu niliupata umeshatumika, nikaubadilishia unga na chupa. Ukishindwa, tafuta Gloria wa Ujerumani, kilo sita, lakini hakikisha ni ule wenye chupa ndani, maana wana aina zote mbili.

Namba mbili: maji ya dawa kwa ajili ya mafuta ya jikoni. Kwa muuza chipsi na mama lishe huu ungekuwa wa kwanza. Maji hayagandi, kwa hiyo swali langu linajibiwa lenyewe. Ndani kuna chumvi za potasiamu, ndugu zake ile ya Kapteni Manby! Dawa ikigusa mafuta ya moto inayageuza ngozi ya sabuni juu yake, moto unakosa hewa na mafuta yanapoa. Unga wa kawaida wa madukani, unaoitwa ABC, hauna uwezo huo. Unaukata moto, lakini mafuta yakibaki na joto yanawaka upya. Nimezunguka Kariakoo siku nzima kuutafuta. Maduka matatu hawaujui, la nne wakanionyesha wa povu wakaniambia "ni uleule tu." Sio uleule.

Namba tatu: gesi ya kaboni, yaani kaboni dioksaidi. Hii inajisukuma yenyewe. Ilianza 1924, kampuni ya simu ya Bell ilipomtaka Walter Kidde atengeneze kitu cha kuzimia mitambo ya simu bila kupitisha umeme. Kwa kompyuta, friji na soketi hauna mpinzani, hauachi hata vumbi. Hauna geji, uzito umechapwa kwenye mtungi, unaupima kwa mizani. Muuzaji asiye na mizani mpite. Usiutumie kwenye karai, kasi yake inaweza kurusha mafuta yanayowaka. Na usiuache kwenye gari juani: kaboni ikivuka nyuzi 31 haiwezi tena kukaa kimiminika, presha inapanda haraka, na hapa kwetu nyuzi 31 ni asubuhi ya Januari.

Namba nne: unga wenye geji, kilo sita. Ndio uliojaa madukani. Nunua wenye kichwa cha chuma au shaba. Mwaka 2017 kampuni ya Kidde, yenye jina la yule Walter Kidde, ilirudisha takriban mitungi milioni 38 Marekani yenye vichwa vya plastiki, kwa sababu ingeweza kuziba au kugoma kufyatuka. Kila mwezi upindue, uweke sikio: unga ulio hai unasikika ukiteremka.

Wa kilo moja nimeshawaeleza. Mipira ya kutupia motoni ni wajukuu wa zile chupa za kioo za maji ya chumvi zilizouzwa Marekani miaka ya 1880. Inatosha.

Kinachoniudhi hasa ni hawa wa kujaza. Nimepeleka mtungi kwa fundi mmoja (si yule wa ngazi), nikaweka alama ya kalamu ndani ya shingo. Umerudi na stika mpya, rangi mpya, elfu ishirini imekwenda, alama yangu ipo na unga ni uleule. Nilipouliza akaniambia, "Mama, si umeona mshale uko kijani?"

Na ule wa kilo moja bado uko kwenye gari, mtupu wa unga, umejazwa upepo tu na fundi wa ngazi aliyekuwa anacheka. Wiki iliyopita nilisimamishwa Mbagala. Askari akauomba, akautazama mshale, akanirudishia.

"Uko vizuri mama. Nenda."