Rekodi za kitochi ziende wapi? Tunajaribu VLC na FFmpeg

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunashughulika na mafaili ya .amr, yale ambayo simu za zamani zilikuwa zinatengeneza ukirekodi sauti. Huku Mtwara yamejaa kwenye memori kadi za watu: wazee wa Newala wanasimulia hadithi kwa Kimakonde, ngoma ya sindimba imerekodiwa harusini. Ukitia flashi kwenye sabufa hayalii, maana sabufa nyingi zinasoma MP3. Nimeyapitisha kwenye programu mbili za bure.

Naanza na VLC, programu ya kuchezea video na muziki, kwa sababu wengi mnayo tayari. Bonyeza Ctrl na R, weka faili lako, chagua Audio - MP3, andika mahali pa kulihifadhi, anzisha. Rahisi, na haili bando ukishaipakua. Ila tazameni hapa: nikibofya hiki kialama cha spana, ndani kumeandikwa kilobiti 128 kwa sekunde, yaani kiasi cha data kinachotumika kila sekunde, na chaneli mbili, yaani kushoto na kulia. Faili letu la AMR, hata likiwa kwenye kiwango chake cha juu, ni kilobiti 12.2, chaneli moja. Kwa hiyo dakika moja iliyokuwa chini ya kilobaiti 100 sasa inakaribia 1,000, na sauti haijaongezeka hata chembe. Korosho iliyovunjika wakati wa kubanguliwa haiwi nzima kwa kuipaki kwenye pakiti kubwa. Weka chaneli moja, kilobiti 64, inatosha kabisa kwa hadithi.

Kwenye ngoma ndiyo inauma. AMR ilitengenezwa kwa ajili ya maongezi ya simu, inachukua sampuli 8,000, yaani vipimo vya sauti, kwa sekunde, na sauti inayoshikika inaishia nusu ya hapo, kwa hiyo sauti nyembamba yoyote inayozidi hezi 4,000 haimo. Na ule mshindo wa chini nao unapunguzwa. Sikilizeni hii sindimba... mnasikia? Vifijo vipo, waimbaji wapo, ngoma kubwa iko mbali sana. Hakuna programu ya kugeuza fomati itakayoirudisha, na anayekwambia anaweza asichukue hela yako.

Sasa FFmpeg, programu ya kugeuza mafaili. Hii haina vitufe, unaandika amri, na najua hapo wengine mtataka kufunga video. Subirini kidogo. Fungua dirisha la kuandikia amri ndani ya folda yenye faili, andika hivi:

ffmpeg -i hadithi.amr hadithi.wav

Basi, imekwisha. WAV inayotoka, yaani faili la sauti isiyobanwa, inabaki na sampuli zilezile 8,000 na chaneli ileile moja. Ukipiga hesabu ni kilobiti 128 kwa sekunde, yaani uzito uleule wa MP3 ya VLC, lakini hapa hakuna kilichokatwa kwa mara ya pili. MP3 inakata, kila ukigeuza inakata tena. Ukitaka nafasi zaidi, igeuze hiyo .wav kuwa .flac, fomati inayobana bila kukata, kwa amri ileile, faili litapungua na sauti itabaki kamili.

Kwa hiyo mimi kwa kazi ya kutunza sauti za wazee nachagua FFmpeg bila kusita. VLC ni ya kutengeneza nakala ya kusikiliza kwenye redio au kumtumia shangazi aliyeko Masasi.

Zile tovuti za kugeuza mafaili mtandaoni sizipendi kwa kazi hii. Unapandisha sauti ya bibi yako kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, na bando linakwenda mara mbili: kupandisha na kushusha.

Wenye mafaili ya .wma kutoka kompyuta za zamani, amri ni hiyohiyo, badilisha jina tu. Kuna baadhi yalinunuliwa yakiwa na kufuli la hakimiliki. Hayo hayatageuka, msihangaike nayo.

Na tafadhali, msifute .amr hata mkishageuza. Hiyo ndiyo rekodi yenyewe. Iwekeni kwenye flashi mbili, moja ikae kwa ndugu mwingine, na faili mlipe jina la msimuliaji, kijiji na mwaka, leo, wakati bado yupo mtu nyumbani anayeitambua ile sauti.