Ninamhofia Loki Kuliko Gargarensis: Uzoefu Wangu na Maadui wa Age of Mythology

Nimeimaliza kampeni kuu ya mchezo wa kompyuta wa Age of Mythology: Retold mara mbili tangu mchezo huo ulipotoka mwaka wa 2024. Nilicheza nyumbani hapa Mombasa, usiku baada ya sala ya Isha, kwa sababu mchana joto huifanya kompyuta yangu ivume kama jenereta. Mara ya kwanza nilisukumwa na kumbukumbu za toleo la mwaka wa 2002, ambalo ndilo lililonifunza michezo ya mkakati. Mara ya pili nilikuwa na kusudi moja tu, nalo ni kuwapima maadui wake.

Kamos sitamkalia sana. Ni haramia mwenye kichwa cha fahali, anayevamia Atlantis, kisiwa cha Arkantos, shujaa tunayemwongoza, na kuiba mkuki wa ncha tatu wa sanamu ya Poseidon, mungu wa bahari, ili hadithi ipate pa kuanzia. Kupambana naye ni kama mechi ya kupasha misuli, ingawa nakiri kwamba sauti yake inafurahisha.

Gargarensis ni mtu wa daraja nyingine. Katika hekaya za Kigiriki tulizozizoea, jitu la jicho moja ni mchungaji anayekaa pangoni, asiyejua sheria wala adabu ya wageni, tena analeweshwa kwa mvinyo na kupofushwa na Odysseus. Waliobuni mchezo huu wamelichukua jitu hilo hilo na kulifanya jemadari mwenye subira, anayejua kusubiri na kupanga, ambaye Poseidon amemwahidi kutokufa endapo atamfungulia gereza Kronos, mkuu wa Watitani, miungu ya kale iliyofungwa kuzimu. Akizuiwa kwenye mlango wa kuzimu ulioko Ugiriki, anaelekea wa Misri. Akishindwa huko, anakwenda kaskazini. Na mlango wa mwisho uko chini ya Atlantis yenyewe, nyumbani kwa Arkantos anayemwandama. Kinachonipendeza ni kwamba shabaha yake inaeleweka tangu mapema, kwa hiyo kila misheni ina uzito wake. Kasoro yake ni kwamba majeshi yake hayafanani na akili yake: mara nyingi yalinijia kwa njia ile ile, nami nikayasubiri na minara yangu bila wasiwasi.

Loki, mungu wa hila katika hekaya za Skandinavia, hakunipa nafasi ya kujenga mnara. Arkantos na wenzake wanapofika nchi za kaskazini, wanakutana na mzee aitwaye Skult, mpole wa maneno, anayewapa bendera na kuwaambia kwamba wakionekana nayo, koo zilizofarakana zitaungana nao. Nikaipeleka mwenyewe, kwa kipanya changu, hadi penye watu ambao walituvamia walipoiona tu, maana ilikuwa bendera ya Folstag, jitu la barafu wanalolichukia. Mzee yule alikuwa Loki. Sisi tuliokulia pwani tukisimuliwa habari za Fumo Liyongo, aliyeshinda vita na vifungo kisha akachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, hatuhitaji kuelezwa kwa nini hila ya namna hiyo inauma kuliko jeshi zima. Na Loki hakuishia hapo: mashujaa wanaondoka kaskazini wakiamini kwamba wamemkata kichwa Gargarensis, kumbe kichwa walichobeba ni cha Kemsyt, mtumishi wake, kilichofunikwa kwa kiini macho. Mara ya pili nilijua kila kitu, na bado nilisita kabla ya kuichukua ile bendera.

Kampeni ya Kastor, mwana wa Arkantos, iliyoongezwa mwaka wa 2003, ilijaribu kuirudia hila hiyo kupitia Krios, mtumishi wa Kronos anayejifanya mshauri mwema. Wazo ni zuri, kwa kuwa unawapiga Wagiriki, Wamisri na watu wa kaskazini ukidhani unawakomboa watu wako, kumbe unawafungulia Watitani njia. Hata hivyo Krios anaonekana mwovu tangu anapofumbua kinywa, na nilichoka kumsubiri Kastor akitambue nilichokitambua zamani.

Kwa anayetaka kununua, nashauri achague kiwango cha ugumu kilicho juu kidogo ya mazoea yake, la sivyo Gargarensis atabaki kuwa mtu wa maneno tu. Mpwa wangu ameianza kampeni hiyo juzi kwenye kompyuta yangu. Amefika Misri, na sijamgusia lolote kuhusu mzee mwenye bendera.