Kukiri kwa makubaliano au kupambana na kesi hadi hukumu?

Nchini Kenya, tangu 2008, mshtakiwa anaweza kuafikiana na upande wa mashtaka: anakiri, na shtaka linapunguzwa au mengine yanaondolewa. (Makosa ya ngono hayamo.) Kabla ya kuyapokea makubaliano, hakimu humuuliza ana kwa ana: umeelewa? Umekubali kwa hiari yako? Wengi huitikia "ndiyo, mheshimiwa" haraka mno, mawazo yakiwa nyumbani.

Rufaa ndiyo bei yenyewe. Aliyekiri anabaki na haki ya kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Kuhusu hatia, mlango umefungwa, labda aombe hukumu itenguliwe kwa kuwa kulikuwa na ulaghai, shinikizo au upotoshaji.

Anayekana shtaka huenda akasota rumande, na akishindwa hukabili shtaka zima. Ila ana siku 14 za kukata rufaa, na kama alihukumiwa na hakimu, Mahakama Kuu huupima upya ushahidi wote, shahidi kwa shahidi. Kwangu mimi, kama shahidi mkuu ni yule "aliyekuona" usiku bila taa, kalamu ya kutia sahihi makubaliano ibaki mfukoni kwanza.